Kifungu cha Robo Saa

Ukitaka kumjua mtu mwenye wasiwasi, mwangalie anavyopanga kalamu. Mwalimu alizipanga kwa rangi, akazipangua, akazipanga tena kwa urefu, na bado hakuwa ameandika neno lolote. Mbele yake palikuwa na karatasi tupu ya muhtasari wa kozi ambayo chuo kilimpa aitunge: Kusoma na Kuandika kwa Kazi, masomo ya jioni, kwa watu wazima walioacha shule mapema. Yeye alizoea vijana wa mchana, wale wanaosinzia nyuma ya darasa na kuitikia "ndiyo mwalimu" bila kujua wameulizwa nini. Watu wazima aliwaogopa, tuseme ukweli. Kijana ukimkosea atanuna na kesho atarudi. Mtu mzima ukimkosea anakuaga kwa adabu, anakushukuru sana, na humwoni tena.

Na ilikuwa lazima wamrudie. Mkataba wake pale chuoni ulikuwa unakaribia kwisha, na mkuu wa idara alimwambia bila kuzunguka: kozi ikipita kwenye kamati, na yeye amepita, ikianguka, atafute pengine. Huyo mkuu wa idara wafanyakazi walimwita Bwana Kifungu, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana hakuweza kumaliza maongezi bila kutaja kifungu fulani cha kanuni. Hata ukimuuliza kama amekula, jiandae. Hakuwa mtu mbaya jamani, alikuwa mtu wa karatasi tu.

"Usijisumbue kuanza sifuri," alimwambia. "Chukua muhtasari wa wanafunzi wa mchana, ubadilishe panapohitaji. Halafu fanya somo la majaribio. Niletee watu wazima wa kweli, si wafanyakazi wenzako. Mimi nitakaa nyuma, niangalie."

Basi akauchukua. Akabadilisha mada, akabadilisha mifano, akaacha kanuni za mahudhurio vilevile zilivyokuwa, kwani nani ana muda wa kusoma kanuni za mahudhurio? Ila mwanzoni kabisa aliongeza kitu chake mwenyewe, kitu alichokionea fahari mpaka akaenda kumsomea mama yake jikoni. Kujitambulisha. Kila mwanafunzi atasimama, aseme anaitwa nani, anafanya kazi gani, aliishia darasa la ngapi, na kwa nini aliacha.

"Ili tufahamiane, mama. Watu wafunguke."

Mama alikuwa anachambua maharage. Mkono ukasimama. "Wote watasema? Mbele ya wenzao?"

"Ndiyo uzuri wenyewe huo!"

"Haya," mama akasema, na ile haya ilikuwa ya mtu aliyemeza maneno mengine mengi. Mwalimu hakuisikia. Angeisikia, mimi nisingekuwa na la kusimulia hapa.

Shida nyingine ilikuwa kupata watu. Fundi cherehani wa barabara ya nyuma, mwanamke mcheshi aliyeitwa Mama Pindo, alikubali kwa sharti kwamba asiulizwe hesabu. Kinyozi wa kona alikubali na kuahidi kuwaburuta wateja wake, dereva wa lori akiwemo. Lakini viti bado vilikuwa vinapwaya. Jioni mezani mwalimu akawa analalamika, hali vizuri, anakivuruga chakula kwa kijiko. Baba yake akafuta mdomo, akasema kama mtu anayezungumzia mvua, "Mimi nitakuja kukujazia kiti."

"Wewe, baba? Si ulimaliza shule wewe?"

"Si nimesema kujaza kiti? Kiti kinauliza cheti?"

Wakacheka. Baba alikuwa fundi magari, gereji yake ikiwa palepale uani, na mtaa mzima ulimwita Fundi Jeki. Hakuna gari kuukuu lililomshinda. Lakini magari mapya yalikuwa yanapimwa kwa kifaa chenye kioo, kinachoandika ugonjwa wa gari kwa maneno; baba alikuwa nacho kimoja, kimekaa kwenye boksi na kijitabu chake cha maelezo, na wenye magari hayo baba aliwaambia ana kazi nyingi, waende kwa wale vijana ng'ambo ya barabara. Alisema hivyo kila mara, na uani kukazidi kuwa kweupe. Mwalimu aliliona hilo, ila alidhani ni uzee unaanza kumchosha.

Siku ya majaribio darasa lilijaa. Bwana Kifungu alikaa nyuma kabisa, miguu ameibana, kalamu tayari. Mwalimu akawasalimu, akawakaribisha, akaeleza zoezi la kujitambulisha, akatabasamu kuliko ilivyohitajika.

Mama Pindo alikuwa wa kwanza. "Mimi niliishia la sita. Niliacha kwa sababu..." Akacheka, kicheko kikakatika njiani. "Basi tu. Mambo." Akakaa, akaanza kuvuta uzi kwenye upindo wa gauni lake mwenyewe, yeye ambaye kazi yake ni kuzirudisha nyuzi mahali pake. Dereva wa lori alijitambulisha huku anaongea na sakafu. Mwalimu aliona, lakini akajipa moyo kwamba ni aibu ya mwanzo, itapita.

Kinyozi akasimama kwa madaha. "Mimi la saba, nilimaliza, tena vizuri tu. Nimekuja kunolewa kidogo. Hata mkasi hunolewa, jamani!"

Watu wakapata nafasi ya kucheka. Mwalimu naye akapumua. "Haya, anayefuata. Baba... samahani, fundi."

Wakacheka tena. Baba akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe la kwendea harusini, na kucha amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu. Akamtazama kinyozi. Kinyozi akatazama dirishani. Baba akafungua mdomo, ukabaki wazi, ukafungwa.

"Naomba ruhusa kidogo," baba akasema. "Nimeacha gari kwenye jeki. Likimwangukia mtu itakuwa kesi."

Akatoka. Hakurudi. Aliyefuata naye akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Mwingine akapokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikiita. Kinyozi akasema ameacha mteja amenyolewa upande mmoja, akaondoka bila hata kusubiri watu wacheke. Baada ya mapumziko viti vilikuwa vinatazamana vyenyewe kwa vyenyewe. Bwana Kifungu alisimama akavikagua. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi mwalimu.

"Ijumaa tunarudia," alisema. "Kamati inakaa Jumatatu. Siwezi kuipelekea kozi ambayo wanafunzi wake wanaikimbia siku ya kwanza. Hakuna kifungu kinachoniruhusu."

Alipofika nyumbani, uani hakukuwa na gari lolote juu ya jeki. Jeki yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukutani. Baba alikuwa ndani ya gereji anapanga spana ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, na alipoitwa kula akasema hana njaa. Mwalimu akaenda moja kwa moja jikoni.

"Mama, nimemkosea nini baba?"

Mama akasogeza mlango. "Baba yako aliishia la nne."

"Si alimaliza?"

"La nne, mwanangu. Na huyo kinyozi pia. Dawati moja, na waliacha siku moja, wakapelekwa kujifunza kazi kwa fundi mmoja. Baba yako akabaki, mwenzake akakimbilia mkasi. Miaka yote hii kila mmoja anasema alimaliza, na mwenzake anaitikia ndiyo, alimaliza. Sasa wewe umewasimamisha chumba kimoja. Kinyozi keshaongopa. Baba yako akisema kweli, watu watamgeukia mwenzake. Akiongopa, anamwongopea mwalimu, tena mbele ya bosi wake. Afanyeje?"

"Lakini si ameniongopea mimi tangu nazaliwa?"

"Aliongopea mtoto. Mwalimu hakumweza."

Mwalimu akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akakumbuka ripoti zake za shule. Kila muhula alizileta mbio, na kila muhula baba aliketi, akaikunja mikono, akasema: "Nisomee wewe, nisikie sauti yako." Naye alisimama kando ya kiti akasoma zote, hata yale maoni ya mwalimu mkuu yenye maneno marefu ya kujidai. Wenzake walichapwa kwa sababu ya ripoti. Yeye aliisoma ripoti kama mtu anayeimba, na baba alifumba macho akasikiliza. Alijua hayo ni mapenzi. Hakuwahi kujua ni kitu kingine.

Alilia, jamani. Alilia kilio cha kushika meza.

"Yalikuwa mapenzi pia," mama akasema. "Usiyapunguze. Na usimwambie kwamba unajua. Ukimwambia utakuwa umemmaliza."

Tangu hapo mwalimu hakukaa akatulia. Alilifuta zoezi la kujitambulisha kwa hasira, akapitisha mstari juu yake mpaka karatasi ikachanika. Lakini aweke nini? Kila alichofikiria kilimtia hofu. Jaribio? Watakimbia. Kusoma kwa zamu? Watakimbia mbio zaidi. Akaanza kuwaona wote wanavyotoka, mmoja mmoja, kwa adabu, asante mwalimu, na wa mwisho amevaa shati la harusini. Hatimaye akaandika hivi: kila mtu alete kitu kimoja cha kazini kwake kinachomsumbua kusoma, amwonyeshe mwalimu peke yake, pale alipoketi, kwa sauti ya chini. Hakuna kusimama. Hakuna kuulizwa uliishia wapi.

Bwana Kifungu aliusoma ukurasa huo huku nyusi zimepanda. "Na kiwango cha kuingilia? Lazima kifahamike."

"Nitakifahamu mimi, mkuu. Darasa zima si lazima likifahamu."

Akaguna. "Tutaona Ijumaa."

Mwalimu akawazungukia watu wake kuomba radhi. Mama Pindo alimkumbatia, akamwambia yamekwisha. Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu, akasema bila kugeuka, "Nikisimamishwa tena, mwalimu, utanitafuta kwa tochi." Akabaki mmoja tu, na huyo walikuwa wanalala nyumba moja.

Alimkuta chini ya gari. Viatu tu ndivyo vilivyokuwa nje. Mwalimu alichuchumaa akaviongelesha viatu.

"Baba."

"Naam."

"Ule mpango nimeubadilisha. Lile zoezi la kusimama nimelifuta. Lilikuwa zoezi la kijinga."

Kitu kikagongwa mara kadhaa bila haja. "Nipe hiyo spana fupi."

Akampa. Mkono mweusi ukatoka, ukaichukua, ukarudi. Mwalimu alitaka kusema mengi, na kila neno aliloligusa lilikuwa na ncha.

"Nakosa mtu wa kujaza kiti, baba. Nisipojaza viti, chuo wananiacha. Lakini kama una kazi nyingi, naelewa."

Kugonga kukakoma. Halafu sauti ikatoka chini ya gari, ndogo, si ya Fundi Jeki.

"Kinyozi atakuwepo?"

"Atakuwepo. Na hakuna atakayeulizwa kitu."

"Mh," baba akasema. Ile mh mwalimu alilala nayo, akaamka nayo, akapanda nayo ngazi za chuo Ijumaa jioni, na bado hakujua maana yake.

Walikuja. Mama Pindo alikuja na shangazi yake, dereva wa lori akaja, kinyozi akaja akakaa pembeni ya dawati, akaacha nafasi ubavuni pake. Bwana Kifungu alikaa palepale nyuma, safari hii na nakala ya muhtasari mapajani. Viti vilijaa isipokuwa nafasi ile moja. Mwalimu akaanza. Kila hatua koridoni ilimgeuza shingo. Mama Pindo alikuwa amebeba karatasi ya vipimo kutoka kiwanda cha vitambaa, akamwonyesha kwa kunong'ona, na mwalimu akainama akanong'ona naye. Neno likasomeka. Mama Pindo akapiga paja lake kimya kimya. Kazi ilikuwa inaenda, lakini yeye roho haikuwepo pale, ilikuwa mlangoni.

Bwana Kifungu akaangalia saa, akainuka, akaenda kuufunga mlango. Sehemu ya juu ya mlango ule ilikuwa na kioo. Na wakati anauvuta, baba akatokea upande wa pili wa kioo, shati jeupe, kwapani kijitabu cha kile kifaa cha kupimia magari.

"Samahani, mzee," Bwana Kifungu akasema, kwa upole kabisa. "Robo saa imepita."

"Mkuu, huyo ni mwanafunzi wangu," mwalimu akasema.

"Najua. Lakini kanuni ya mahudhurio inasema: atakayechelewa zaidi ya robo saa hataruhusiwa kuingia. Si kanuni yangu, mwalimu. Iko kwenye muhtasari wako. Umeusaini mwenyewe." Akamwonyesha. Na kweli ilikuwepo, imetulia palepale ilipoachwa, kifungu cha vijana wa mchana, na sahihi yake chini.

Lahaula! Kinyozi alikuwa ameshika ukingo wa dawati. Nje ya kioo baba alikuwa ameanza kutikisa kichwa taratibu, kile kichwa cha kusema si kitu, usijali, mimi naondoka, na tayari amekwisha kugeuza bega. Mwalimu aliijua kazi yake ilivyo mikononi mwa mtu huyu aliyeshika kitasa. Alijua pia kwamba baba akigeuka sasa, kijitabu kile hakitafunguliwa tena. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Alichukua kalamu, akautoa muhtasari mikononi mwa bosi wake, akauweka kwenye dawati la Mama Pindo, akakikata kile kifungu, na pembeni yake akaandika maneno mawili matatu.

"Haya ni majaribio, mkuu," akasema. "Nimejaribu hicho kifungu. Hakifai."

Akaufungua mlango yeye mwenyewe. "Karibu, fundi. Kiti chako kipo."

Baba akaingia akiwa ameinamisha kichwa. Kinyozi akasogea kidogo kwenye dawati, na wakakaa bega kwa bega. Mwalimu alipomfikia, baba alifungua kijitabu, akaweka kidole juu ya mstari, na akasema kwa sauti ambayo hata kinyozi asingeisikia, "Hapa. Hapa ndipo huwa nakwama." Mwalimu akainama. Wakakisoma kile kimstari pamoja, polepole, kilichosema tu kwamba kifaa kiwekwe mbali na maji. Baba akatikisa kichwa. "Kumbe ndiyo hiyo tu!"

Somo lilipoisha, hakuna aliyekumbuka mgonjwa wala simu. Bwana Kifungu alibaki nyuma, anautazama ule mkato wa kalamu kama mtu anayetazama doa kwenye shuka. Mwalimu alisimama mbele yake akisubiri kufukuzwa.

"Marekebisho yoyote ya kalamu," akasema hatimaye, "lazima yasainiwe pembeni na watu wawili. Kuna kifungu." Akatoa kalamu yake, akasaini. "Na wewe. Hapa. Jumatatu kamati itauliza, na utakuja kujibu mwenyewe, maana mimi sijui niwajibu nini."

Mwalimu akasaini. Sahihi ilitoka imepinda.

Nyumbani baba alikula akamaliza. Alikuwa amechelewa, mama alieleza baadaye, kwa sababu alifika mapema kuliko wote na kukizunguka chuo kwa nje, akaenda mpaka geti la nyuma, akarudi, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Sasa alisukuma sahani, akauvuta ule muhtasari uliokuwa kwenye ukingo wa meza, akaufungua mahali penye sahihi mbili. Mwalimu akanyoosha mkono kwa mazoea ya tangu utotoni.

"Nikusomee, baba?"

"Hapana. Kaa."

Akakaa. Mama akaacha kuosha vyombo. Baba akaweka kidole kwenye yale maneno ya kalamu, kidole ambacho hata kisuguliwe vipi bado kina mstari mweusi wa grisi, akakohoa, akaanza. "A-ta-ka-ye... atakaye... che-le-wa." Akasimama, akapumua. Mwalimu alilijua neno lililofuata na akaliuma kwa meno lisimtoke. "Atakayechelewa... a-i-ngi-e. Aingie." Akainua uso. "Atakayechelewa aingie. Ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo."

"Mwandiko wako mbaya, mwanangu. Mwalimu mzima!" Lakini hakuiachia karatasi, na kidole bado kilikuwa palepale.

Mwalimu akavuta kiti karibu, akaikunja mikono.

"Soma tena, baba," akasema. "Nisikie sauti yako."